Mimi Si Kabla ya Mtu

3 Februari

Kwako Dada,

Nakuandikia kwa kufuata sheria ya Mama. Unaikumbuka? "Mkitaka kugombana andikianeni, maana mkipiga kelele pamoja sijui nani anasema nini." Sura moja, sauti moja, na hasira ndiyo usiseme. Leo nimechukua karatasi mapema, ugomvi haujaanza, ila naujua uko njiani.

Tarehe 21 mwezi huu nakwenda kwa daktari wa ngozi kuchomwa sindano za kujaza uso. Umesoma sawasawa, usirudie mstari. Ni jeli fulani, inawekwa chini ya ngozi mahali palipopungua. Mimi itawekwa kidevuni, na kidogo tu mashavuni na chini ya macho. Hakuna kisu, hakuna kulazwa. Inakaa mwaka, mwaka na nusu, halafu inayeyuka yenyewe polepole.

Kazi yangu unaijua. Miaka kumi na mitano niko kwenye chumba kile cha nyuma ya kliniki ya meno, dirisha moja na feni inayolalamika, natengeneza meno bandia. Ananijia mzee midomo imemwingia ndani. Nampima kutoka kwenye nyusi hadi chini ya pua, kisha kutoka chini ya pua hadi kidevuni. Vipimo hivyo viwili vikikaribiana, uso unatulia. Namwongezea nta milimita moja, mbili, namwambia fumba mdomo, na mtu anarudi pale pale mbele yangu. Nimeona watu wazima wakilia wakiwa na kioo mkononi.

Siku moja nikajipima mwenyewe. Juu sitini, chini hamsini na nne. Kidevu chetu kimerudi nyuma, Dada. Nimekuwa nikikiona tangu tukiwa wasichana, sema sikuwa na rula. Na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, nimetafuta wa kuninyoa.

Sikuombi ruhusa. Nakuarifu tu, ili usije ukasikia kwa watu.

Mdogo wako,
Wa Pili


9 Februari

Wewe mtu,

Barua yako nimeisomea kwenye choo cha walimu, maana ofisini kuna macho. Nilipofika kwenye "kidevu chetu" nikataka kuichana, halafu nikasema hapana, hii nitaijibu.

CHETU? Umeandika mwenyewe kwa mkono wako. Basi nisikilize. Unapokaa mbele ya daktari na kumwambia kidevu hiki kimepungua, hujisemi wewe peke yako. Unanisema mimi. Ukimlipa mtu akuondolee sura hii kwa kuwa ina kasoro, mimi ninayebaki nayo nimekuwa nani? Bidhaa iliyorudishwa dukani?

Na usinitishe na vipimo, mimi ndiye nafundisha hesabu. Sitini kwa hamsini na nne, gawanya kwa sita juu na chini, unapata kumi kwa tisa. Uwiano wa kumi kwa tisa nao ni uwiano! Nani alikudanganya kwamba uwiano ni lazima uwe moja kwa moja? Hilo ndilo kosa la kwanza wanalofanya watoto wa mwaka wa kwanza, na wao angalau wana miaka kumi na mitatu. Wewe unaingia arobaini.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na chema chajiuza. Nimemaliza methali.

Sasa niambie ukweli. Nani amekuumiza? Kuna mwanamume amekutamkia neno? Kuna mtu huko kazini anakucheka? Mtu haamki tu asubuhi akaanza kuuchukia uso aliozaliwa nao. Niambie jina lake nipande basi.

Mama sijamwambia. Anakusalimu, anasema umekuwa adimu, hata simu zako za kuhesabu.

Na hili nalipigia mstari: ukijaza, usirudi nyumbani hadi kiyeyuke. Mwaka, mwaka na nusu, nitasubiri. Sitaki kukaa meza moja na mtu aliyeukimbia uso wangu. Siku hiyo ikifika njoo, utanikuta.

Dada yako,
Wa Kwanza (kwa dakika kumi na moja, usisahau)


14 Februari

Dada,

Hakuna mtu aliyeniumiza. Sina kidonda, sikupata ajali, sina mume aliyenikimbia. Nataka tu. Mwanamke akisema anataka gauni, hamumuulizi nani amemvua.

Mkakasi ni mkakasi. Mimi ni mtu, ndani yangu unapajua.

Unanifukuza nyumbani kwa Mama kwa kalamu nyekundu? Haya. Tarehe ni ile ile, 21.

Salamu za Mama nimezipata jinsi zilivyo.

Wa Pili


2 Machi

Dada,

Tayari.

Najua hukuuliza, nakueleza hivyo hivyo. Daktari ni mama mmoja mfupi, anavaa viatu vya mpira na hana haraka. Alinipaka dawa ya ganzi, akanichora mistari kwa kalamu nyeupe kidevuni na mashavuni, akarudi nyuma hatua tatu kunitazama, akafuta mstari mmoja akauchora upya. Mimi nikacheka, maana ndivyo ninavyofanya na nta. Akaniuliza unacheka nini, nikamwambia, "Naona fundi mwenzangu." Kuanzia hapo tukaelewana.

Iliuma? Iliuma kidogo. Ya chini ya macho ilinitoa chozi. Siku tatu nilikuwa nimevimba, na upande mmoja wa kidevu ukapata alama ya bluu. Nikasema Mungu wangu, Dada amenilaani. Siku ya kumi vimepungua vyote, nikasimama mbele ya kioo cha bafuni.

Dada, nilikaa pale mpaka maji ya ndoo yakapoa. Si kwamba nimekuwa mrembo wa kusimamisha magari. Daktari wa meno, niliye naye kila siku ya Mungu, ameniangalia akasema, "Leo umelala vizuri, eh?" Basi! Hicho ndicho alichoona. Lakini mimi nimeona. Kila kitu kimekaa mahali pake, jicho halikwami popote. Nilijigeuza upande, na kwa mara ya kwanza maishani sikuinua shingo kukitafuta kidevu. Nimefurahi, na sitaomba msamaha kwa kufurahi.

Yule daktari wa ngozi alitaka picha za kuweka ukutani na kwenye ukurasa wao wa mtandao, kabla na baada. Za kabla alizonipiga mwenyewe zilipotea simu yake ilipoharibika, nikampa ya zamani kutoka kwenye bahasha yangu. Nimempa kwa moyo mmoja. Aone anayetaka kuona.

Wa Pili


20 Aprili

Kwa Fundi wa Meno,

Nilikuwa nimeamua kunyamaza mwaka na nusu. Umenitoa kwenye kimya kwa nguvu.

Jumatatu nimeingia darasani, ubaoni kuna maandishi makubwa: KARIBU MWALIMU KABLA. Darasa zima limekaa kimya na adabu ambayo sijawahi kuiona, hapo hapo nikajua nimekwisha. Nikauliza, Kabla ndiyo nini? Msichana mmoja wa nyuma, mpole, akaniletea simu yake huku amefunika uso. Shangazi yake anaishi huko kwako. Ameuona ukurasa wa hiyo kliniki, akamtumia, "Huyu si mwalimu wenu?"

Picha mbili. Upande wa kulia wewe, umemeremeta, chini yako pameandikwa BAADA. Upande wa kushoto MIMI. Nasema mimi, si "mtu anayefanana na mimi". Nyuma ya sikio langu kuna ncha ya ratiba ya vipindi na ukuta wa rangi ya bluu. Ile ni picha niliyopigwa kwenye ofisi yetu ya walimu kwa ajili ya kitambulisho, nikakutumia nakala moja kwa upendo wangu. Na chini yangu, kwa herufi nene: KABLA.

Miaka arobaini kasoro miezi minne nimebeba uso huu bila kumkopa mtu. Nimeolewa nao, nimezika mume nao, nimewafundisha nao wadogo wa watoto niliowafundisha. Leo natembea sokoni na mwuza nyanya ananichungulia kidevu. Mimi si Kabla ya mtu! Mimi nimeshafika. Sikusimama kituoni nikingoja kuwa wewe.

Unataka kujua nilifanya nini? Sikufuta ubao. Niliwaambia kila mmoja atoe rula. Nyusi hadi chini ya pua, chini ya pua hadi kidevu, andika uwiano wako, rahisisha. Wanafunzi arobaini na wawili. Hakuna hata mmoja aliyepata moja kwa moja, hata yule binti ambaye wavulana wote wanamwangukia, naye ni kumi na moja kwa kumi. Nikawaambia, haya, darasa zima ni Kabla, karibuni chamani. Walicheka, nami nikacheka nao. Halafu nikaenda stoo ya vitabu, nikafunga mlango na kulia mpaka kengele ya pili.

Ulifikia hatua ya kuniuza ili upendeze? Ulishindwa kutoa sura yako mwenyewe ukatoa yangu, kwa kuwa yangu ndiyo mbaya?

Sihitaji maelezo. Nahitaji ile picha ishuke.

Mwalimu


26 Aprili

Dada,

Picha imeshuka, ya mtandaoni na ya ukutani. Ya ukutani nimeibandua mwenyewe kwa kucha mbele ya wagonjwa wanne. Daktari aliniuliza kuna nini, nikamwambia huyu wa kushoto si mimi, ni pacha wangu. Akavaa miwani, akatazama, akanitazama, akasema, "Sasa tofauti iko wapi?" Nikamwambia mama, tofauti ni mwalimu mmoja wa hesabu, na akija hapa hutabaki na kiti.

Maelezo hukuyataka, mimi nitayatoa.

Sikukuuza. Nilidhani ni mimi. Nakuapia. Nilifungua bahasha nikijitafuta, nikakutoa wewe. Niliitazama ile picha dakika nzima nikaona kasoro zangu zote, kidevu changu, macho yangu yaliyochoka, nikasema hii hapa, ndiyo mimi wa zamani. Ratiba sikuiona wala ukuta sikuuona. Ungekuwa wewe ungejua kwa mtazamo mmoja, maana wewe hujawahi kuwa na shaka wewe ni nani. Mimi nimejikosea mwenyewe.

Na hapo ndipo nitakujibu lile swali lako la Februari, maana nilikudanganya. Niliumizwa. Nani, utaniambia wewe.

Novemba Mama alipougua, wewe ulikuwa mbali kwenye kusahihisha mitihani. Mimi ndiye niliyepanda basi. Siku mbili nilikaa kwenye kitanda chake, namkanda kwa kitambaa, nampa uji kijiko kwa kijiko, namgeuza. Homa ilimpanda, na miwani hakuwa nayo. Nilipofika aliuliza nani huyo, nikasema, "Ni mimi, Mama," kama mjinga. Kwetu "ni mimi" haijawahi kutosha. Alinishika mkono siku zote mbili. Aliniambia mambo ya Baba ambayo hajawahi kuyasema. Na nilipokuwa naondoka, alinibusu kiganja, akasema: "Asante, mwalimu wangu. Na mwenzako mwambie, hata kuja kunichungulia tu?"

Nikamjibu, "Nitamwambia."

Mwezi uliofuata akanipigia simu kunisimulia jinsi mwalimu alivyomuuguza. Nikasema sawa, Dada atasahihisha. Nikangoja. Wewe unasahihisha madaftari mia mbili kwa wiki. Hilo moja lilikushinda. Alikushukuru wewe kwa mikono yangu, ukapokea. Na Februari ukaniletea salamu zake kwamba nimekuwa adimu, ukaziandika kwa mwandiko wako mzuri, ukijua.

Kwa nini sikumwambia mwenyewe? Kwa sababu ningeonyesha nini? Uso? Uso ni ule ule. Na nilitaka utamke wewe.

Lakini usianze kunihurumia ukasema aha, maskini, kumbe ndiyo maana alijaza. Hapana. Hiyo ni robo. Robo tatu napenda tu nilivyo sasa. Ikiyeyuka nitarudi kwa yule mama wa viatu vya mpira nijaze tena, na tena. Huna mtu wa kumsubiri, Dada. Mdogo wako ndiye huyu. Ukimtaka huyu, niite. Ukimtaka yule wa kwenye picha, jitazame kwenye kioo, yupo.

Samahani kwa lile la ubaoni. Hilo tu ndilo ninaloliombea samahani, na naliomba kwa magoti.

Wa Pili


11 Mei

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara tano. Ya kwanza ilikuwa ya kujitetea, kurasa tatu, imejaa "lakini". Nimezitupa zote.

Ni kweli. Nilijua. Nilirudi kutoka kwenye mitihani, Mama akanikumbatia mlangoni akaniita mlezi wake. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa uchovu. Mara ya pili nikanyamaza kwa sababu ilikuwa tamu. Unajua mimi ndiye ninayemnunulia dawa, ninayemkatia kucha, ninayegombana na fundi wa paa, na sijawahi kuitwa mlezi. Anayekaa karibu haonekani. Basi nikajipa haki yako kama malipo ya zangu ambazo hazikusemwa. Ya tatu na ya nne ilikuwa wizi tu, sina jina jingine. Na nilipokuwa nakukaripia kwamba unaukimbia uso wangu, mimi nilikuwa nimeuvaa wako miezi mitatu.

Jana baada ya vipindi nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia nimesimama, maana nikikaa nisingesema. Nikamwambia yote, mpaka na mtihani wenyewe ulikuwa wa somo gani, kwa woga.

 Akamalizia kukunja shuka. Halafu akasema: "Niliona weupe kwenye kucha zake. Miwani sikuwa nayo, ila mkono ulikuwa hapa, karibu na jicho. Nikasema moyoni, mwalimu wangu huyu, ametoka darasani hata chaki hajanawa, amenikimbilia." Akanigeukia. "Kwani huko kwenye meno nako kuna unga mweupe?"

Nikamwambia ni plasta, Mama. Ya kutengenezea mfano wa mdomo.

"Plasta," akasema. Akalirudia neno hilo kama mara tatu hivi. Kisha akanichapa kofi la bega, mimi mwenye umri huu, mwalimu wa zamu, kofi lililonyooka. Halafu akakaa juu ya nguo alizozikunja, akaanza kulia kwa sauti, anasema, "Nilimtuma salamu kwake mwenyewe. Nimemtuma mtoto akajisute mwenyewe." Nikalia naye. Ilikuwa vurugu, hukukosa kitu.

Akauliza mbona huji. Nikamwambia mimi ndiye niliyekukataza. Nikamweleza na habari ya sindano, maana nilikuwa nimeshaanza kutapika ukweli nikaona nimalize. Akafuta macho kwa foronya, akaniuliza swali moja: "Hii nyumba ni ya nani?"

Nikasema yako, Mama.

"Basi peleka marufuku yako shuleni."

Nilimwonyesha picha yako ya BAADA, niliihifadhi simuni kabla hujaishusha. Aliisogeza, akaitoa mbali, akaileta tena karibu na miwani. Hakuniuliza ni yupi. Alisema, "Huyu ndiye aliyenishika mkono," akaniomba nimtolee kwenye karatasi aiweke kando ya kitanda. Sijui kama alikutambua kwa kidevu au kwa hayo niliyomwambia muda huo huo. Muulize mwenyewe.

Shuleni bado wananiita Mwalimu Kabla. Wiki iliyopita mmoja aliniandikia hivyo juu ya mtihani wake, nikampa alama zake zote na nikasahihisha k yake ndogo ikawa kubwa.

Mimi sitajaza. Hilo lijue, wewe na yule mama yako wa viatu vya mpira. Kumi kwa tisa nitazikwa nayo. Na hicho kidevu chako sikipendi, nimekitazama wiki tatu kwa jicho la haki na bado sikipendi, usikae ukitega sikio nikisifu.

Jumamosi njoo nacho.

Dada yako